Wali wa Kasongo Ulitoka Wapi?

Mgeni anayefika kwetu kusini mwa Maniema, iwe Kasongo, iwe Wamaza, iwe Kabambare, hakai siku mbili bila kupakuliwa wali. Akiwa mtu wa heshima ataletewa wali na kuku. Akiwa ndugu tu, wali na sombe iliyotiwa mawese, au samaki wa Lualaba. Harusi ni wali, Noeli ni wali, na Idi ya jirani zetu Waislamu ni wali. Basi mgeni huyo, ikiwa ametoka Katanga, ambako mtu haoni ameshiba mpaka ale ugali wa mahindi, au ametoka milima ya Kivu kwenye maharagwe, viazi na ndizi, hutuuliza: "Ninyi mpunga huu mliupata wapi?"

Wengi wetu hujibu upesi: "Ni chakula cha mababu." Jibu hilo ni kweli nusu tu. Mababu wa mababu zetu hawakuujua mpunga. Ukihesabu kwa historia, ulifika juzi, miaka mia moja na hamsini na kitu iliyopita. Njia uliyopita inajulikana, na mabwana waliokuja nao wanajulikana. Wasiojulikana kwa majina ni wale walioulima, na hao ndio wazee wetu. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili kwa urefu.

Tuanze na wakati ambapo ulikuwa bado haujaenea. Mwaka 1869 Mwingereza David Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare, akakaa huko kwa miezi mingi, maana mwaka 1870 miguu yake ilipata vidonda akashindwa kutembea. Mtu asiyeweza kutembea hutazama sana, naye aliandika aliyoyaona. Aliona mahindi mengi kuliko tunavyodhani. Watu walisimamisha miti mirefu kwa mistari, wakafunga kamba za mwituni kutoka mti hata mti, wakatundika mahindi juu yake, hata ikawa kama ukuta mrefu wa mahindi kijijini. Aliona pia mihogo, karanga, ndizi na mawese. Mwaka 1871, alipofika Nyangwe ukingoni mwa Lualaba, aliona soko ambalo halikumtoka moyoni tena. Lilikutana kila baada ya siku chache, na siku kubwa alikisia watu elfu tatu, walio wengi wanawake. Wanawake wa Wagenya, watu wa mto, walileta samaki na vyungu. Wa bara walileta mihogo, nafaka, mafuta, kuku na mbuzi. Walibishana bei, walicheka, walibadilishana mali, wakarudi kwao na mizigo mizito vichwani.

Msomaji aone hapo jinsi chakula kilivyokuwa kimepangwa. Wagenya walikuwa na mto lakini hawakuwa na mashamba makubwa. Watu wa bara walikuwa na mashamba lakini hawakuwa na mto. Kaskazini, kwa ndugu zetu Warega, msitu ni mzito, na huko ndizi na nyama ya porini vilikuwa nguzo ya chakula. Kusini na mashariki, ambako msitu unakatika na majani yanaanza, nafaka ilistawi zaidi. Kila upande ulikuwa na upungufu wake, na soko ndilo lililoujaza. Wala amani ya soko haikulindwa na askari. Watu waliogombana nyumbani walikutana sokoni, maana asiyekuja sokoni alikula mihogo bila samaki.

Hapa inatupasa kuongeza neno, wasije wengine wakadhani kwamba mihogo na mahindi ni vya asili kabisa. Hivyo pia ni wageni. Vyote viwili vilitoka Amerika, vikaletwa na meli za Wareno katika pwani ya Atlantiki, halafu vikaingia bara polepole. Hata karanga zina asili hiyohiyo. Ndizi ndizo za zamani sana kwetu, nazo pia asili yake ni Asia. Tofauti yao na mpunga iko katika namna ya kuingia. Muhogo ulipita mkono kwa mkono. Kwa kadiri tunavyoweza kufikiri, mwanamke aliolewa kijiji cha mbali akabeba vijiti vya muhogo, shemeji yake akaomba viwili, jirani akaomba kimoja. Hakuna bwana aliyeutuma muhogo, wala hakuna hesabu iliyoandikwa. Ulifika Maniema kabla ya bunduki, na hakuna ajuaye siku. Mpunga haukuja hivyo.

Mpunga ulikuja kwa njia ya misafara. Pwani ya Waswahili ulikuwa chakula cha mjini tangu zamani sana. Huko Pemba wachimbaji wa mambo ya kale wameona punje zake katika miji iliyokufa karibu miaka elfu moja iliyopita, na msafiri Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa kwa wali na samli. Kwa mtu wa pwani, basi, wali ulikuwa alama ya ungwana. Wafanyabiashara wa Unguja walipoingia bara kutafuta pembe na watumwa, hawakutaka kuuacha. Richard Burton alipopita Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, alikuta Waarabu wamekwisha kuupanda. Kutoka Tabora njia ilikwenda Ujiji. Kutoka Ujiji ilivuka ziwa Tanganyika, ikapanda milima, ikafika Kabambare. Kutoka Kabambare ikateremka Kasongo na Nyangwe, mwisho ikafuata Lualaba mpaka Kisangani. Ukichora njia hiyo juu ya karatasi, utakuwa umechora pia safari ya mpunga. Toka nje ya njia hiyo kwa mwendo wa siku chache, utakuta watu wanakula kitu kingine.

Lakini tusidhani kwamba tamaa ya mlo wa nyumbani ndiyo sababu peke yake. Kulikuwa na hesabu ya biashara. Msafara wa watu mia kadhaa hauwezi kutegemea ndizi, maana ndizi huoza, wala muhogo mbichi, maana ukishang'olewa hauna siku nyingi. Mpunga ukiachwa na maganda yake hukaa miezi mingi ghalani, hupimwa kwa kibaba, hubebwa kichwani. Mwenye ghala la mpunga aliweza kulisha wapagazi, watu wenye bunduki na wageni, bila kungoja siku ya soko. Nayo nchi yetu iliufaa, kwa kuwa mvua ni nyingi na mti ukikatwa na kuchomwa moto ardhi huwa na nguvu. Hapa kwetu mpunga hauhitaji kusimama majini. Husiwa juu ya nchi kavu, mvua za kwanza zinapoanza, katika majivu ya msitu.

Mwingereza mwingine, Cameron, alipofika Nyangwe mwezi wa Agosti 1874, aliona mji umejengwa juu ya vilima viwili, na bonde lililo kati yake linafaa sana kwa mpunga. Ni miaka mitatu tu baada ya Livingstone. Na karibu na mwaka 1875 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wote humwita Tippu Tip, aliingia Kasongo akawa mkubwa wa mji. Yeye mwenyewe alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho chapatikana. Chini yake na chini ya jamaa zake Kasongo ikakua. Ikaja miembe, mipera, malimau, miwa na vitunguu. Mwaka 1893, majeshi ya Dhanis yalipouteka mji, daktari wao Mwingereza, Hinde, alistaajabu. Aliandika kwamba alipita katika shamba moja la mpunga, akiwa amepanda mnyama, kwa muda wa saa moja na nusu.

Tafadhali tusimame kidogo katika shamba hilo. Saa moja na nusu juu ya mnyama! Mashamba ya namna hiyo hayalimwi na mtu na mkewe. Nani alikata msitu huo? Nani alichoma, akasia, akapalilia, akafukuza ndege tangu alfajiri mpaka jua kuzama, akavuna suke kwa suke, akatwanga? Walikuwa watumwa, waliokamatwa katika vijiji vya Maniema na vya mbali zaidi. Siku ya 15 Julai 1871, katika soko lilelile la Nyangwe, watu wa mfanyabiashara Dugumbe walipiga bunduki katikati ya wanawake. Walikuwako sokoni watu kama elfu moja na mia tano. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao kwa kuzama Lualaba walipokuwa wakikimbilia mitumbwi. Siku hiyo sisi twaiona kuwa mpaka katika historia ya chakula chetu. Kabla yake chakula kilitoka sokoni, kwa wanawake waliokuja kwa hiari yao. Baada yake chakula kikubwa kilitoka katika mashamba ya mabwana, kwa watu wasio na hiari. Soko halikufa, maana Stanley alilikuta mwaka 1876 likiwa na vitu vingi vya ajabu. Lakini nguvu ya nchi ilikuwa imehama.

Mji huo wa kale leo unaitwa Kasongo-Tongoni. Anayejua Kiswahili cha zamani anajua kwamba tongo ni mahali palipohamwa. Jina lenyewe linatosha.

Hata hivyo mpunga haukuondoka pamoja na mabwana. Waliokuwa watumwa, na watoto wao, na watu wa vijiji waliojiita waungwana, walikuwa wamejifunza kuulima na kuula. Kula wali kulikuwa ni kujitenga na "washenzi," kama walivyosema wakati ule. Neno hilo ni baya, lakini tukilificha hatutaelewa kwa nini chakula cha utumwa kiligeuka kuwa chakula cha sikukuu. Mtu aliyelima mpunga wa bwana wake kwa miaka kumi, siku ya kwanza alipoupika wa kwake mwenyewe, bila shaka aliona ladha isiyokuwa ya mchele tu.

Serikali ya mfalme Leopold, na baada ya mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji, iliukuta mpunga tayari ikaupenda kwa sababu zilezile: hukaa, hupimwa, hubebwa. Mwaka 1910 reli kutoka Kindu ilifika Kongolo, ikipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Tangu hapo mchele wa Maniema uliweza kwenda mbali. Halafu mwaka 1917 likatoka tangazo la sheria la mazao ya lazima, lililotengenezwa na Edmond Leplae, mkubwa wa kilimo, ambaye alikuwa ametazama mfano wa Waholanzi kule Java. Kila mwanamume wa kijijini aliweza kulazimishwa kulima mazao aliyoagizwa, hata siku 60 kwa mwaka. Katika Maniema mazao hayo yalikuwa hasa pamba na mpunga. Asiyelima alitozwa faini au alitiwa gerezani, na fimbo haikukaa mbali. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, siku zikaongezwa zikawa 120. Wazee waliotusimulia habari hizo walipokuwa hai hawakusema "mpunga wetu." Walisema "mpunga wa serikali," na pamba waliitaja kwa sauti nyingine kabisa.

Hapa ndipo muhogo unaporudi, na watu wengi hawajalitazama jambo hili. Pamba inataka mikono kwa kupalilia na kuchuma, mpunga unataka mikono kwa kukata msitu na kulinda ndege, na migodi ya mawe ya bati ya Kalima na Kampene ilitaka mikono ya wanaume, hasa baada ya kampuni ya Symétain kuundwa mwaka 1932. Mama aliyebaki nyumbani angelisha watoto kwa nini? Alipanda kile kisichohitaji ulinzi wala haraka. Muhogo hukaa ardhini mwaka na zaidi, humngoja mtu, ndege haudonoi, karani haupimi. Kwa hiyo, kadiri serikali ilivyodai pamba na mpunga, muhogo ulizidi kuenea. Mpunga ulipakiwa katika magunia ukapelekwa relini na migodini, kulisha wafanyakazi, ambao mara nyingi walikuwa waume na kaka za wale waliouvuna. Kijijini walibaki na ugali wa muhogo na sombe. Kwa hiyo, msomaji akisikia kwamba Maniema ilikuwa nchi ya mpunga, na aulize: nchi iliyoulima, au nchi iliyoula?

Tukitazama pande nyingine tutaona jambo hilohilo kwa sura tofauti. Katanga ya kusini haikuwa nchi ya mahindi kwa sababu ya udongo tu. Union Minière ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, nayo iliwapa posho ya unga wa mahindi, mwingi wake ukinunuliwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na baadaye katika nchi zilizoguswa na reli. Mtoto wa mfanyakazi alikua akijua unga huo tu, naye akawa mzee akisema ni chakula cha mababu. Katika milima ya Kivu baridi iliukataa mpunga, lakini ililea maharagwe, mtama na ndizi, na baadaye viazi vya Ulaya. Kule kwa Warega mpunga uliingia, lakini ndizi haikuondoka mahali pake. Msitu ulikuwa mzito na misafara ilifika kwa tabu zaidi. Tabora na Shinyanga nchini Tanzania ziko mbali nasi, tena mvua zake ni chache, lakini mpunga wao tunaufahamu kama ndugu. Tabora ni kituo cha njia ileile.

Katika miaka ya baadaye wataalamu wa INEAC, chuo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933, walichagua mbegu bora za mpunga huko Yangambi. Tuwape haki yao: mbegu nzuri ni mbegu nzuri, hata ikiletwa na mtu anayeshika daftari la faini. Ukweli mwingine wa miaka hiyo ni kwamba barabara zilipitika. Ziliwekwa sawa kwa kazi ya lazima, lakini zilipitika, na gari la mnunuzi lilifika.

Baada ya uhuru wa 1960 ulazima ulipungua, na barabara nazo zikapungua. Mwaka 1964 vita vya Simba vilipita huku kutoka upande wa Fizi mpaka Kindu, na watu wakaingia msituni. Ndipo ilipoonekana tena tofauti ya vyakula viwili hivi. Mpunga una siku yake; ukikimbia siku ya kuvuna umepoteza mwaka, na ukila mbegu umepoteza mwaka mwingine. Tena ghala la mpunga laonekana, na mwenye bunduki hulijia. Muhogo umefichwa na ardhi yenyewe. Mambo yalikuwa hivyohivyo katika vita vya 1996 na vile vya 1998 mpaka 2003. Familia nyingi za njia ya Kasongo na Kabambare zilipoteza mbegu zao zote, hata wengine walirudi nyumbani wakaanza kwa kikombe kimoja cha mpunga walichopewa na jirani. Mara hii, tazama, mpunga nao ukapita mkono kwa mkono, kama muhogo wa zamani.

Siku hizi mchele wa kwetu husafiri kwa baiskeli. Kijana hufunga magunia nyuma na ubavuni, hutia mti kwenye usukani apate kuliongoza, halafu haendeshi bali husukuma, siku nyingi, akipita matope na vizuizi ambapo kila mwenye kofia hudai chake. Huenda na mchele, hurudi na chumvi, sabuni na nguo. Bei anayopata mkulima huliwa njiani. Kisha upande wa Kabambare kuna dhahabu. Machimbo ya Namoya, karibu na Salamabila, yalichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Kampuni ya Banro ilianza uchimbaji wa kibiashara huko mwaka 2016, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi kwa sababu ya mashambulio ya watu wenye silaha. Lakini wachimbaji wa mikono wapo, na vijana huvutwa huko. Kukata msitu kwa ajili ya mpunga ni kazi ya vijana. Wasipokuwako, mama hurudi katika shamba la mwaka jana, ambalo halina nguvu tena kwa mpunga, hupanda muhogo. Ni hesabu ileile ya siku za pamba, ila safari hii hakuna sheria wala fimbo.

Mwaka huu tena, majani yalipokauka, tulipita njiani tukaona moshi wa mashamba mapya, michache kuliko zamani lakini ipo. Katika shamba moja mzee alikuwa anasia mpunga na wajukuu, na mkewe alikuwa nyuma yake na fungu la vijiti vya muhogo kwapani, akivichomeka kati ya mistari, kimoja hapa, kimoja pale. Tulimsalimu, tukamwuliza kwa nini asingoje mpunga uvunwe kwanza.

"Huu ni wa kuuza na wa wageni," alisema, akionyesha mpunga. Kisha akaonyesha vijiti. "Hii ni ya sisi."